Stirpikalcha: kuna ubaya gani kumchagulia mtoto mbegu?

Mwalimu: Ndugu zangu, naleta mada iliyoninyima usingizi. Kuna neno ambalo leo halisikiki tena: stirpikalcha. Shina lake ni la Kilatini, stirps, yaani ukoo au chimbuko, na maana yake ni kustawisha kizazi cha watu kwa kuamua nani azae na nani. John Humphrey Noyes, kiongozi wa jumuiya ya kidini ya Oneida huko New York, alilitia katika vitendo kuanzia 1869 hadi 1879. Wanawake 53 na wanaume 38 walitia saini kuukubali mpango, wakazaliwa watoto 58. Mwaka 1883 Francis Galton wa Uingereza akatoa neno lake kwa wazo hilohilo, yujeniki, na hilo ndilo lililoenea duniani.

Wapo wanaosema Oneida isitiwe kapu moja na yujeniki, kwa kuwa pale hakuna aliyehasiwa wala kuuawa, kama ilivyotokea kwingine kwa jina la yujeniki. Mimi nasema kapu ni lilelile. Karibuni tujadiliane.

Mfugaji: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa. Dume la mbegu silichukui ovyo, natazama kwanza mama yake alikuwa akikamuliwa kiasi gani. Kama watu wazima walikubali wenyewe, na watoto wakatoka wazima, kosa liko wapi?

Mwalimu: Marahaba. Watoto walikuwa wazima kweli, na waliokufa wadogo walikuwa wachache kuliko kawaida ya zama zile. Lakini walikula vizuri, walilala pasafi, na walikuwa na walezi mchana kutwa. Utajuaje kama ni mbegu au ni uji?

Na huko kukubali tukutazame vizuri. Katika tamko lao, wanawake wale walisema kwamba wao si mali yao wenyewe, bali ni wa Mungu kwanza, kisha wa Noyes kama mwakilishi wake. Mtu aliyekwisha kujitoa hivyo, utamuuliza kama ameridhika? Halafu, ndugu Mfugaji, zizini kwako dume halishiki daftari. Oneida dume ndilo lililolishika: Noyes na wenzake wa karibu walipitisha nani azae, baadaye mwaka 1875 ikaundwa kamati, na kati ya watoto wale 58, wasiopungua 9 ni wake mwenyewe. Alikuwa na miaka karibu 60 mpango ulipoanza. Alitafuta watu bora, akajiona yeye yumo wa kwanza.

Mama wa Watatu: Mwalimu, hao watoto walilala na nani?

Mwalimu: Wakishaachishwa kunyonya, mama, walihamia nyumba ya watoto. Mama aliyeonekana kumpenda mwanawe kupita kiasi alizuiwa kumwona kwa muda. Pierrepont Noyes, aliyezaliwa 1870 ndani ya mpango huo na baadaye akaiongoza kampuni ya jumuiya, aliandika uzeeni jinsi alivyotenganishwa na mama yake kwa adhabu.

Mama wa Watatu: Basi mimi sihitaji hoja nyingine.

Msomaji wa Nairobi: Msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari waliunda Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Dakta H. L. Gordon wa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, alikuwa mbele, na daktari mwingine, F. W. Vint, akapima bongo za Waafrika waliokufa, akidai ni nyepesi kuliko za Wazungu. Swali lililofuata lilikuwa kama kuna faida kumsomesha Mwafrika. Waliomba fedha za utafiti Uingereza, wakanyimwa. Babu zetu hawakuulizwa lolote.

Mfugaji: Hilo limenigusa. Lakini wachumba wanaopima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya ndoa, nao tuwaite wana stirpikalcha?

Mwalimu: Hapana. Wao wanapewa majibu, wanarudi nyumbani, wanaamua wawili. Wakioana hakuna wa kuwazuia, na mtoto akizaliwa mgonjwa anastahili dawa kama mwingine yeyote. Ila ofisi ikiandika kwamba fulani na fulani wasizae, tumefika Indiana ya 1907, jimbo la Marekani lililopitisha sheria ya kuwahasi watu kwa nguvu. Hadi desturi ile ilipokoma, Marekani ilikuwa imewahasi watu zaidi ya 60,000, wengi wao maskini na wagonjwa wa akili.

Mama wa Watatu: Na hizi kliniki za kupandikiza mimba, ambako daktari anatazama viinitete vitano, yaani mimba changa kabisa, na kuchagua kimoja? Pale kamati hakuna, ni mzazi na pesa yake. Akitaka asiye na ugonjwa namwelewa. Akija anayetaka mrefu, au mweupe, daftari analishika nani?