Sera za majimbo ya Marekani kwenye magari ya umeme: lipi linamsaidia kweli mtu wa kipato cha kawaida?

DerevaWaKent:
Wakuu habari zenu. Nipo Kent hapa jimbo la Washington, nabeba abiria wa app za teksi mwaka wa sita huu, haibridi yangu (ya petroli na umeme) imechoka na nataka kuhamia kwenye umeme kabisa. Mdogo wangu yupo Aurora Colorado, shemeji yupo Dallas, na mwenyewe nafikiria kuhamia Sacramento California, kwa hiyo nimekaa wiki mbili nachimba sera za majimbo yote manne. Naweka hapa nilichopata, mnisahihishe.

Washington mwaka 2024, kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba, walitoa dola milioni 45 kwa watu ambao kipato chao hakizidi mara tatu ya mstari wa umaskini wa taifa. Gari jipya unakatiwa 5,000, la mtumba 2,500, ukichukua lizi, yaani kukodi, ya miaka mitatu mpaka 9,000, na hela inakatwa palepale yadi, husubiri chochote. Mimi nilikuwa bado najishauri, nikaja kushtuka dirisha limefungwa, roho iliniuma sana.

Colorado wana krediti ya kodi, yaani unafuu unaopewa kupitia kodi ya mapato: 5,000 mwaka 2024, 3,500 mwaka 2025, na 2026 imeshuka hadi 750, ila gari jipya la chini ya 35,000 linaongezewa 2,500. California waliweka sheria ya kuwabana watengenezaji wauze magari ya umeme, na wana mpango wa Clean Cars 4 All, unapeleka gari lako kuukuu likasagwe unapewa hadi 12,000 kama kipato chako ni kidogo. Texas kwa upande wa dereva wa kawaida nimeona ada tu: 400 ukisajili la umeme jipya mara ya kwanza, kisha 200 kila mwaka.

Mimi naipa Washington namba moja kwa sababu mtu wa hali yangu anahitaji hela siku ya kununua, siyo mwakani.

MamaAurora:
Kaka Kent pole kwa kukosa, lakini Colorado umeipunja. Krediti yetu hata kama hudaiwi kodi hata senti unalipwa yote, na unaweza kuiachia yadi wakakupunguzia kwenye bei siku hiyohiyo, mimi nilifanya hivyo mwaka jana na sikusubiri kufaili taksi. Halafu mpango wa miezi mitatu unamsaidia nani? Anayejua kusoma tovuti za serikali mapema. Kwetu imekuwepo mwaka hadi mwaka, watu wameambiana kanisani na msikitini mpaka habari ikafika kwa wakimbizi waliokuja juzi ambao Kiingereza bado. Hiyo kushuka hadi 750 ndiyo imenisikitisha, nina mpangaji mwenzangu alikuwa anadunduliza deposit aje anunue mwaka huu.

Mkereketwa_Oakland:
Wote mnaongelea punguzo, mi naona mnaruka kitu kikubwa. Punguzo bila sheria ni sawa na kumpa mtu hela ya unga wakati dukani unga haupo. California walianza kuwalazimisha watengenezaji tangu 1990, wakalegeza, wakakaza tena, mpaka 2022 wakaweka kwamba magari mapya ya modeli ya 2026 asilimia 35 yawe yasiyotoa moshi, ikipanda mpaka 100 mwaka 2035, na majimbo mengine yakafuata, Washington ikiwemo, na Colorado kwa sehemu. Ukiona mtumba wa umeme wa bei poa leo ni kwa sababu kuna mtu alilazimishwa kuuza jipya miaka minne mitano iliyopita.

Sasa hapo ndipo pamevurugika, Juni 12, 2025 Trump alisaini kufuta kibali cha serikali kuu kilichoiruhusu California kuwa na sheria hiyo, California na majimbo mengine 10 wakaenda mahakamani siku hiyohiyo. Na ile krediti ya serikali kuu ya hadi dola 7,500 kwa anayenunua gari la umeme ikaisha Septemba 30 mwaka huohuo. Kwa hiyo punguzo la jimbo lina uzito kuliko zamani, nakubali, ila nyuma yake pasipokuwa na sheria tutagombania magari machache.

ShemejiWaDallas:
Nitetee jimbo langu kidogo halafu nilikosoe. Ada siyo dhambi, barabara zinajengwa kwa kodi ya mafuta na sisi wa umeme hatununui mafuta. Lakini pigeni hesabu: kodi ya petroli ya Texas ni senti 20 kwa galoni, mwenye gari la maili 30 kwa galoni akitembea maili 12,000 anachoma galoni 400, yaani analipa dola 80. Mimi 200. Hiyo siyo kugawana mzigo, ni kunitoza mara mbili na nusu. Na Kent usijisahau, kwenu ni 225.

Zuhura_SanJose:
Jamani mnaishi nyumba zenu au? Mi naishi apatimenti. Sheria ya California inasema mpangaji ana haki ya kuomba kuweka chaja na mwenye nyumba asikatae hivihivi, Colorado nao wanayo, lakini gharama zote ni zako mpangaji. Nilipewa makadirio ya kuvuta waya mpaka kwenye parking yangu nikafunga faili siku hiyohiyo. Sasa nachaji zile za haraka za barabarani, na bei yake ukilinganisha na ya nyumbani unalia. Kaka, kama unabeba abiria kutwa nzima, chaja ya usiku ina thamani kuliko hizo 5,000. Uliza parking kwanza, gari baadaye.

DerevaWaKent:
Dada Zuhura umenigusa pabaya, hilo sikuliweka kabisa kwenye hesabu. Mama Aurora nimekubali, Colorado inapanda juu ya Washington, japo kwa 750 hiyo sijui itakaa hapo muda gani. Kinachonivuta California bado ni kwamba kampuni za app kule zinatakiwa ifikapo 2030 asilimia 90 ya maili ziwe za umeme, kwa hiyo kazi yangu yenyewe inaelekea huko nitake nisitake. Wiki ijayo naenda Sacramento kuangalia apatimenti na nitakagua parking kabla ya jiko. Kuna aliyepata Clean Cars 4 All akiwa mpangaji aniambie walimdai karatasi gani?

MamaAurora:
Kaka nakuunganisha na binamu yangu yupo kulekule, ngoja nimuulize kwanza kama namba yake nikupe. Hiyo haibridi usiiuze kabla hujajua kama wanaipokea.