Tupeane uzoefu: umeunga kompyuta mpya kwa bajeti ndogo, ikawa nzito kuliko ya zamani. Kumbe ilikuwa nini?

Mwanzisha mada, Tabata, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni video za harusi na sendofu. Miaka yote nilikuwa nahariri kwenye laptopu ya mke wangu. Akitaka kuitumia, bibi harusi wa watu anasubiri. Mwaka huu nikajikusanya, nikanunua vifaa kimoja kimoja Kariakoo: prosesa Ryzen 5 5600G (ile yenye picha ndani yake, maana kadi ya picha sikuiweza), mazabodi ya A520 (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, SSD (diski ya haraka) ya GB 240, paua saplai na kasha. Nikaunga mwenyewe sebuleni, YouTube pembeni, watoto nimewafukuza nje.

Ikawaka mara ya kwanza. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafunga goli.

Kisha nikafungua kazi. Ilikuwa nzito jamani! Bwana harusi anaingia ukumbini kwa kurukaruka kama picha za mnato. Laptopu ya mama watoto, ya mwaka 2016, ilikuwa afadhali. Nilikaa na aibu hiyo wiki mbili bila kumwambia mtu.

Hadi sasa nimegundua makosa mawili. La kwanza, RAM niliyonunua ilikuwa kipande kimoja cha GB 16. Prosesa hii haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa kwenye RAM, na kipande kimoja ni kama daraja la njia moja. Nikabadilishana na muuzaji kwa kuongeza kidogo, nikapata viwili vya GB 8. Mazabodi yangu ina matundu mawili tu. Yako ikiwa na manne, kwa kawaida unachomeka la pili na la nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Soma kijitabu chake.

La pili, boksi la RAM limeandikwa kasi ya 3200, ila Task Manager ya Windows kwenye Performance, sehemu ya Memory, ilionyesha 2400. Hazipandi zenyewe. Unaingia bayosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), unawasha XMP (inayoipa RAM kasi ya boksini), unahifadhi. Baada ya hapo bwana harusi akaanza kutembea kama mtu.

Ila bado sijapona. Nikirenda (kutoa video iliyokamilika), dakika kumi za kwanza inakimbia, baadaye inachoka. Harusi moja inakula saa nzima na dakika kumi. Na nikihamisha mafaili kutoka SSD ya nje ya mwenzangu wa kamera ya pili, inaanza na MB 400 kwa sekunde, baada ya muda inashuka hadi 60.

Kwa hiyo toeni vyenu. Visa halisi tafadhali, sitaki "piga window tu mkuu", yaani weka Windows upya.

Mdau, Morogoro

Piga window tu mkuu.

Natania, ila kwangu ilikuwa hivyo kweli. Nina steshenari karibu na chuo. Nilipounga mashine ya kuprintia, fundi mmoja akaniwekea Windows kutoka kwenye flashi yake ya siku zote. Nilikaa nayo miezi sita. Nikifungua kivinjari na Word na PDF ya mtu, inaganda, wanafunzi wanapanga foleni hadi barabarani. Nikaongeza RAM kutoka 4 hadi 8. Wapi!

Siku moja kijana amekuja kuprinti ripoti ya mafunzo kwa vitendo, akachungulia, akaniambia: "Mzee, mbona GB 8 zipo lakini zinazotumika ni 3.4?" Flashi ya fundi ilikuwa na Windows ya biti 32, ambayo mwisho wake ni GB 4, na humo ndani vifaa vingine navyo vinamega chao. Yaani RAM niliyoongeza ilikuwa pambo. Yule kijana nilimprintia bure.

Mdau, Nakuru

Yangu ni fupi na ya aibu. Nilinunua kadi ya picha kwa mkopo wa chama, nikaiweka, nikacheza gemu la mpira kwa fremu kumi na mbili kwa sekunde. Wiki tatu nalaumu draiva (programu inayoiendesha kadi). Kebo ya HDMI nilikuwa nimechomeka juu, kwenye mazabodi, si chini kwenye kadi. Picha ilikuwa inatoka kwa prosesa, na kadi imekaa tu kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

Na ukiwa na monita ya Hz 144 (picha 144 kwa sekunde), ingia Windows uangalie. Yangu ilikuwa bado kwa 60.

Mdau, Mbeya

Ndiyo maana mimi nawaambia watu waache kuungaunga. Chukua ile ya ofisini iliyotumika Ulaya, prosesa Intel i5 ya kizazi cha 4, weka SSD, umemaliza. Hakuna cha bayosi wala nini.

Mdau, Dodoma

Mkuu wa Mbeya, nakubali nusu. Kwa kuandika barua na mahesabu zile mashine ni imara. Ila Windows 10 ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haitaki Intel ya kizazi cha 4. Inaanzia cha 8, na inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama). Utailazimisha, sawa, lakini mtu anayehariri video usimpeleke huko.

Cha kwangu sasa. Mimi ni mhasibu, niliunga mashine mpya kila kitu, isipokuwa hadi diski (hard disk). Nilisema ile ya zamani ina mafaili yangu yote, nihamishe tu. Nikaichomeka na Windows yake humo humo, ikawaka, nikashukuru. Kumbe nimebeba ugonjwa. Disk asilimia 100 asubuhi hadi jioni, ukibonyeza Excel unaenda kuchemsha chai na kurudi. Kaka mmoja wa kompyuta kazini akanipa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski: rangi ya njano, neno Caution, sekta zinazosubiri kusomwa kwa mamia. Diski ilikuwa inakufa, na kila ikikutana na sehemu mbovu inarudia kusoma tena na tena huku mashine nzima ikiisubiri. Niliokoa mafaili usiku uleule. Miaka mitatu ya hesabu za watu ingekwenda hivyohivyo.

Mdau, Mombasa

Salaam aleikum. Kisa changu hamtapenda, maana wengi wenu mmefanya alivyofanya.

Nilimuungia mpwa wangu mashine ya shule, i3 mpya, RAM GB 8, SSD. Siku ya kwanza nyepesi kama unyoya. Baada ya wiki yuaniita: "Mjomba, feni inalia kama posho mill na hakuna kitu kimefunguliwa." Nikaenda. Kweli yalia. Nikafungua Task Manager nione ni nani, feni ikanyamaza. CPU (yaani prosesa) asilimia 3. Nikaifunga, nikakaa na kahawa, dakika mbili feni yaanza tena. Nikaifungua, kimya. Wallahi nilidhani ina jini.

Nikaweka HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na mzigo wa prosesa, ikae pembeni ya skrini muda wote. Hapo ndipo nikamwona: asilimia 100, halafu nikifungua Task Manager tu, yaporomoka papo hapo. Kuna kitu kilikuwa kinajificha. Nikamkalisha kijana, akakiri: alipata programu ya kuamsha Windows bila kulipa, na maelezo yake yalimwambia azime kinga ya virusi kwanza. Akazima! Ndani mlikuwa na mchimbaji wa sarafu za mtandaoni. Mpwa wangu alikuwa yuamchimbia mtu asiyemjua, na stima nalipa mimi.

Usijaribu kusafisha. Futa diski yote, weka Windows kutoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, ukitumia kompyuta nyingine kuipakua. Bila kulipia itakusumbua na maandishi pembeni, lakini inafanya kazi. Kisha badilisha nywila zote.

Mdau, Morogoro

Hiyo flashi ya fundi wangu sasa naanza kuiogopa upya.

Mdau, Arusha

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Bajeti ndogo, tamaa kubwa. Nikaona mtandaoni seti kutoka China: mazabodi, RAM na prosesa ya seva Xeon E5-2670 v3, koa (core) 12 na nyuzi (threads, njia za kazi) 24, kwa bei ambayo i5 mpya huipati. Nikasema wenzangu wana koa sita, mimi mara mbili yake. Nikaagiza, nikasubiri mwezi na ushee.

AutoCAD, programu ya kuchorea, ikawa nzito. Nikisogeza ramani ya ghorofa, skrini inaganda. Nikiangalia Task Manager, CPU asilimia 4! Nikasema haiwezekani, mashine haifanyi kazi yoyote, mbona imeganda? Nilibadilisha RAM, nikabadilisha SSD, nikapiga window mara mbili. Pesa niliyotupa hapo ingenunua kiti kizuri.

Jibu lilikuwa kwenye ile 4. Gawanya 100 kwa 24. Uzi mmoja ulikuwa umejaa hadi shingoni, na mwingine ishirini na tatu inaota jua. AutoCAD kazi zake nyingi inazipitisha kwenye koa moja, na prosesa ile ni ya mwaka 2014, koa moja ikijitutumua inafika GHz 3.1. Niliiuza kwa jamaa wa kurenda picha za 3D, yeye anazitumia zote na ananiombea dua. Nikachukua i3-12100, koa nne tu. Ramani inateleza.

Kwa hiyo ukiona CPU iko chini na programu imeganda, bonyeza kitufe cha kulia juu ya ule mchoro, chagua uonyeshwe koa moja moja. Utamwona anayekufa.

Mdau, Tanga

Mwanzisha mada, turudi kwako, maana hujajibiwa.

SSD: imejaa kiasi gani? Zile za bei nafuu zina sehemu ndogo inayoandika haraka. Ikijaa, zinaandika kwa mwendo wao halisi, na ndiyo hiyo 60 yako. Na diski inavyozidi kujaa, sehemu hiyo ya haraka inazidi kupungua. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Acha nafasi, video ghafi weka kwenye hadi diski ya kawaida, kwenye SSD iache harusi unayoihariri leo tu.

Kurenda: hiyo ni harufu ya joto. Washa HWiNFO, renda dakika ishirini, utuletee namba. Prosesa yako ikigusa nyuzi joto 95 inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Feni uliyoweka ni ya boksini au ya kununua? Za kununua huwa na karatasi ya plastiki chini ya kile chuma kinachokalia prosesa, na si wewe tu ungeisahau.

Mwanzisha mada, Tabata

Ni ya boksini, pesti ya kupitisha joto imepakwa kiwandani, plastiki haikuwepo. SSD imebaki na GB 19. Leo usiku napima.

Mwanzisha mada, Tabata

Nimepima. Dakika ya nane: nyuzi joto 95. Kasi ikaanza kushuka.

Nimefungua kasha. Feni inashikwa na skrubu nne zenye springi. Mbili za upande mmoja niliziingiza hadi mwisho kwanza, nakumbuka kabisa, nikaenda upande wa pili. Moja ya upande ule haikuwahi kushika uzi wake! Imekaa imeinama, ukiigusa kwa kidole inazunguka bure. Chuma kimelala upande kama meza ya mama lishe. Pesti upande mmoja imesambaa, upande wa pili bado ina umbo la kiwandani.

Nimefuta pesti kwa spiriti, nimenunua mpya, nikafunga kwa kukingamisha: moja mizunguko miwili, ya pembe ya pili mizunguko miwili, hivyo hivyo hadi zote zikafika. Harusi ileile: dakika 49, na joto halikuvuka 78. Dirisha limefunguliwa, AC sina.

Video ghafi nimezihamishia hadi diski. SSD sasa ina nafasi nusu, bado inashuka lakini baada ya muda mrefu zaidi.

Mke wangu amekaa nyuma yangu anaangalia. Anauliza kwa nini laptopu yake ni nzito.