Nimeitwa kituoni kwa ajili ya posti. Niende au nizime simu?

Kijana wa Uyole: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina ukurasa wa habari za mtaani hapa Mbeya. Niliposti kwamba kiongozi mmoja wa wafanyabiashara sokoni kala michango ya wenzake. Leo nimepigiwa, natakiwa kituoni Jumatatu. Usingizi sina, mke hajui. Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, si inanilinda?

Gunia la Lumbesa: Inakulinda, ila mahabusu utalala peke yako.

Mama Parachichi: Huku Njombe mhazini wetu alitoroka na daftari la kikundi. Hatukuposti popote. Tulikwenda kukaa kwa mama yake, asubuhi mpaka jioni, anatupikia. Alilipa. Vijana simu zimewaharibu.

Wakili wa Kijiweni: Marekebisho ya 2023 yaliondoa jinai ya kashfa kwenye Sheria ya Huduma za Habari. Kukudai fidia bado anaweza. Kinachouma ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: ukichapisha habari unayojua ni ya uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha, faini si chini ya milioni 5, au jela si chini ya miaka 3, au vyote. Ushahidi unao? Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, je?

Kijana wa Uyole: Ninayo picha ya daftari la michango. Leseni tuiache kwanza.

Gunia la Lumbesa: Mbona unazunguka? Mwaga yote.

Kijana wa Uyole: Sawa. Aliponiomba nifute nilimwambia atume laki tatu. Katuma nusu, kwa hiyo sijafuta. Jamani, bando nanunua mwenyewe! Nawaza nifute tu, hiyo nusu ibaki, tumalizane.

Wakili wa Kijiweni: Katiba weka pembeni. Huo muamala ndio kesi. Usifute kitu, usimpigie, tafuta wakili kabla ya Jumatatu.

Ukungu wa Kitulo: Hii chai. Niliisoma kwingine, soko likiwa Makambako. Na polisi gani wanakupa wikiendi nzima ujipange?

Gunia la Lumbesa: Chai ya Mufindi au ya Tukuyu?

Kijana wa Uyole: Ningekuwa natunga ningejipamba zaidi ya hapa. Wakili, ofisi yako iko wapi? Unachaji kiasi gani?

Wakili wa Kijiweni: Niko Iringa mkuu. Mimi fundi cherehani, sheria nasoma tu wateja wakichelewa.