Mrejesho: kupaka rangi nyumba ya kuuza, mtoto akiwa anatambaa

Wakuu, niliuliza namna ya kupaka upya nyumba tunayouza hapa Mwanga, Kigoma, tukiwa na mtoto wa miezi 8 ndani. Asanteni sana kwa ushauri; kwa kifupi ni huu.

Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu: huenda ina risasi (madini ya lead, ambayo ni sumu), na vumbi lake huishia kwenye vidole vya mtoto, kisha mdomoni. Lowanisha, kwangua, pangusa sakafu kwa tambara bichi; usifagie kabisa.

Chini ya dirisha ukuta ulitoa chumvi nyeupe na rangi kubanduka, kwani maji ya mvua yalisimama msingini. Mfereji wa kuondoa maji kwanza, ukuta ukauke, ndipo skimu (lipu laini ya kusawazisha ukuta), kisha rangi ya maji mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Milango ya rangi ya mafuta iwe mwisho, mtoto akalale kwa bibi mpaka harufu iishe.

Dalali analeta mteja Jumamosi.