Akina mama wa Kihaiti Massachusetts: tuwafikieje kabla na baada ya kujifungua?

Swali (Muuguzi, Brockton)

Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika kituo cha afya mjini Brockton, Massachusetts, ambako jamii ya Wahaiti ni kubwa. Akina mama wengi ninaowahudumia waliishi kwanza Chile au Brazil, kisha wakavuka msitu wa Darién, ulio kati ya Kolombia na Panama, kuelekea kaskazini, na baadhi yao huanza kliniki mimba ikiwa na miezi saba. Wakishajifungua hupotea, hata wale tuliokuwa tukiwafuatilia kwa sababu ya presha, jambo linalonikosesha usingizi. Kwa wenye uzoefu na familia hizi, nini huwazuia kuja, nasi tuanzie wapi?

Jibu la 1 (Mkalimani wa hospitali)

Dada, kwa maoni yangu anza na hofu. Mama anapodhani kwamba jina lake likiandikwa kliniki litafika kwa maofisa wa uhamiaji, au kwamba ataachiwa deni asiloweza kulilipa, atakaa nyumbani hadi uchungu umshike. Mwelezeni tangu siku ya kwanza kwamba katika jimbo hili MassHealth, yaani bima ya afya ya serikali ya jimbo, humhudumia mjamzito hata kama hana hati za ukaazi, na kwamba mpango wa chakula wa WIC hauulizi habari za uhamiaji. Maneno hayo huaminika zaidi yakitoka kwa mchungaji wake au redio ya Kikrioli, lugha ya Wahaiti, kuliko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Jambo la pili ni ukalimani. Kanuni za shirikisho haziruhusu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura, na bado ninakuta watoto wa shule wakitakiwa kuwaeleza mama zao habari za kutokwa na damu au mimba iliyoharibika. Hilo linamuumiza mtoto, na mama naye huficha mambo ambayo daktari alipaswa kuyajua.

Jibu la 2 (Mkunga)

Namuunga mkono mkalimani, ila hofu peke yake haielezi kwa nini hupotea baada ya kujifungua. Kwa desturi ya Wahaiti, mzazi hukaa ndani kwa majuma kadhaa, huoga maji ya moto yenye majani na hujikinga na baridi, kwa kuwa mwili wake huhesabiwa kuwa uko wazi. Desturi hiyo inampa mapumziko anayoyahitaji sana, lakini kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata majuma sita baada ya kujifungua, na siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kwa hiyo msimsubiri aje: mpeni kipimo cha presha cha nyumbani, mpigieni simu kwa Kikrioli, na mumfundishe mama mkwe au dada anayemhudumia kwamba kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo pia wanaoamini kwamba mshtuko au hasira huharibu damu na maziwa, hivyo huacha kunyonyesha. Usibishane naye, muulize kilichomshtua. Mara nyingi hapo ndipo utakaposikia habari za safari, za jamaa walioachwa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, au za huzuni inayohitaji matibabu.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Je, watoto wakubwa waliokuja nao tuwaangalie nini?

Jibu la 3 (Muuguzi wa watoto)

Selimundu kwanza, yaani ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto anayezaliwa Marekani hupimwa mara tu baada ya kuzaliwa, lakini kaka yake aliyezaliwa njiani huenda hajapimwa kamwe, na aliye na ugonjwa huo anahitaji penisilini kila siku hadi angalau miaka mitano. Kwa kifua kikuu, kumbukeni kwamba wengi walichanjwa BCG, chanjo ya kuukinga ugonjwa huo, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe maambukizi yasiyokuwepo; kwa aliyetimiza miaka miwili, pimeni damu. Kadi za chanjo kutoka Chile na Brazil zihesabiwe, msianze upya bila sababu.