Uhuru Park: mikutano ya siasa irudi au ikome?

Mkaazi wa Ngara: Tuambiane ukweli. Bustani hii ya katikati ya Nairobi ilifungwa 2021 ikarabatiwe, pesa zetu zikaingia pale. Mkutano mmoja tu wa siasa, nyasi kwisha. Wanasiasa waende viwanja vya mpira. Uhuru Park iwe ya familia, na wale wa kulala kwenye nyasi tangu saa nne asubuhi nao watafute kwao.

Fundi Kawangware: Hapo mwisho umenigusa. Mimi nimelala pale. Nilikuwa natoka Kawangware kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua. Nikikosa, narudi vivyo hivyo, na katikati najilaza chini ya mti, viatu nimeviweka kichwani kama mto visiibwe. Huo ni uvivu?

Mkaazi wa Ngara: Nani amesema uvivu?

Fundi Kawangware: Hukusema, lakini tumesikia.

Mama Wawili: Nyinyi, mada ni siasa. Bila siasa hiyo bustani mngeisikia kwa hadithi tu. Si Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alizuia lile jumba la Rais Moi pale, 1992?

Guka Mstaafu: 1989, binti yangu. Jumba la ghorofa 60, la Kenya Times, gazeti la KANU, chama tawala cha wakati huo. 1992 ni kina mama waliogoma kula pale Freedom Corner, kona ya bustani hiyo, wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Polisi wakaja na rungu na vitoa machozi, kina mama wengine wakavua nguo. Wangari alikuwa nao, akapigwa hadi akazirai.

Kijana wa Umoja: Guka, ulikuwepo ama unatusomea?

Guka Mstaafu: Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Usiniulize nilifanya nini. Nilikimbia.

Kijana wa Umoja: 😂 Heshima. Katiba nayo ilizinduliwa hapo hapo Agosti 2010, na Raila wa upinzani akala kiapo cha "rais wa wananchi" Januari 2018. Sasa hayo yote tungeyafanyia uwanja wa Kasarani?

Mkaazi wa Ngara: Kasarani kuna viti na vyoo. Kiapo cha Raila nyasi zilibaki?

Fundi Kawangware: Nyasi huota, boss. Mimi hujanijibu. Mtu hana hata ya chai, saa saba jua kali, alale wapi?

Mkaazi wa Ngara: Kwani ni mimi gavana?

Mama Wawili: Ngojeni kidogo. Zile mashua za bwawani zimerudi? Jumamosi nina watoto wawili na mia tano.