Naomba ushauri: malipo ya tovuti za makanisa

Wakuu, habari za leo. Nina kaofisi hapa Moshi mjini, natengeneza tovuti na mabango, na wateja wangu wengi ni makanisa. Mabango ya semina na mikutano ya injili hayana shida, mtu analipa anachukua. Kazi iko kwenye tovuti. Jina la .or.tz (anwani ya tovuti kwa mashirika yasiyo ya biashara hapa Tanzania) hulipiwa kila mwaka, lakini ukirudi kudai unakuta mchungaji kahamishwa, mhazini ni mpya, na wazee wanauliza, "Si ulishalipwa?" Wengine wanataka niihesabu kuwa sadaka (sadaka natoa, ila Jumapili). Je, mkataba niandikishane na usharika wenyewe, au nidai miaka miwili kwa mkupuo? Na waliochelewa, niwazimie tovuti au nisubiri sikukuu ya mavuno?